Mwalimu Nzisa na Maiti ya Kisimani

Mwalimu Beth Nzisa alikuwa na miaka arobaini na saba alipoanza kuandika kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa cha mauaji. Walimu wenzake wa shule ya msingi kule Matinyani waliposikia hivyo walicheka sana, kwa sababu Nzisa hata kuku alikuwa hawezi kumchinja. Akipata mgeni, ni jirani aliyemchinjia.

Mimi naitwa Mutindi. Nina kaduka ka kupiga chapa na kutoa kopi mjini Kitui, na ndimi niliyekichapa kitabu hicho, kurasa mia mbili na kumi na nne. Mengi ya haya aliniambia mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya printa, akisubiri karatasi zitoke. Mengine niliyaona kwa macho yangu.

Nzisa hakuzaliwa akitaka ualimu. Alitaka udaktari. Lakini shule yao ya sekondari ilikuwa na kichoma-gesi kimoja cha maabara kwa wasichana themanini, na mwalimu wa kemia alikuwa anakuja muhula mmoja, anakosa miwili. Matokeo yalipotoka, babake alimwambia ualimu ni kazi safi na chuo chake ni cha karibu. Akaenda. Akafundisha Kiswahili miaka ishirini na mitatu. Akaolewa na dereva wa lori la mchanga, akamzaa binti mmoja, Mwende. Mume akafariki barabarani mwaka wa 2012. Mwende alipokua akapata kazi Eldoret, na mama akabaki katika nyumba ya vyumba vitatu na redio.

Jambo moja alilokuwa nalo tangu ujana ni kisima. Walipokuwa kidato cha pili walipelekwa pwani kuona magofu ya mji wa kale wa mawe. Wenzake walipiga picha mlangoni kwa sultani. Nzisa alisimama kando ya kisima kirefu kilichokuwa karibu na nyumba moja, akamwuliza mwongozaji kama kuna mtu aliyewahi kufia humo. Mwongozaji akasema hajui, miaka mia saba ni mingi. Jibu hilo halikumridhisha wakati ule, wala baadaye.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya corona. Wiki ya kwanza alifua mapazia. Wiki ya pili alipanga upya kabati lote. Wiki ya tatu akachukua daftari la mwanafunzi lililobaki bila jina, akaandika sentensi ya kwanza: mchonga milango maarufu amekutwa amekufa kisimani, kichwa chini, alfajiri ya siku ya soko.

Hadithi ilikuwa hivi. Katika mji ule wa mawe, miaka mia saba iliyopita, palikuwa na mwanamke aitwaye Tabibu Zuhura. Babake alimfundisha uganga wa vitabu kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Wazee wa mji walimruhusu kutibu wanawake na watoto tu. Mchonga milango alipokutwa kisimani, kila mtu alisema ameteleza akichota maji. Zuhura akapita, akautazama mwili ukitolewa, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: huyu hakufa maji.

Hapo Nzisa akakwama. Amejuaje?

Alikaa siku nne na sentensi hiyo. Mwishowe akavaa barakoa akaenda zahanati. Nesi alimsikiliza kupitia dirisha lililokuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono tu, akamwambia: "Mwalimu, mimi nashughulika na walio hai. Mambo hayo kamuulize Kitonga wa mochari."

Mochari ile ilikuwa ya hospitali moja ambayo jina lake halina haja hapa. Kitonga alikuwa amefanya kazi humo miaka ishirini na saba. Watu walimfahamu kama wanavyofahamu mahali pabaya pa barabara, yaani kwa kupazunguka. Kwenye hoteli alikokunywa chai walimwekea kikombe chake, cha plastiki, kilichopasuka mdomoni, na hakuna mteja mwingine aliyepewa. Mkewe, Kalondu, alikuwa ameondoka mwaka wa 2009 na watoto wawili, akarudi kwao Makueni. Alisema mikono ya mumewe haiishi harufu, hata akiosha na ndimu.

Nzisa alimkuta nyuma ya jengo, akianika mabuti ya mpira kwenye ukuta.

"Mmekuja kuchukua nani?" Kitonga akauliza bila kugeuka.

"Hakuna. Nina swali."

"Maswali ni ofisini, mama."

"Ni swali la kitabu. Mtu amekutwa kisimani. Utajuaje kama alikufa maji, au alitumbukizwa akiwa ameshakufa?"

Kitonga aligeuka. Alikuwa mtu mrefu, ameinama kidogo mabegani, na uso wote ulikuwa ndani ya barakoa isipokuwa macho.

"Pole. Ni mtu wenu?"

"Hapana. Ni mtu wa miaka mia saba iliyopita."

Kitonga akafikiri. "Huyo basi ameshakauka," akasema.

Nzisa akacheka. Aliniambia kwamba hakuwa amecheka tangu shule zifungwe, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. Kitonga alisubiri amalize. Alidhani anachekwa, kwa kuwa alikuwa amezoea. Lakini mwalimu alitoa daftari na kalamu, akakaa kwenye benchi la mbao karibu na tangi la maji, akangoja kama mwanafunzi. Kitonga akakaa upande ule mwingine. Kati yao palikuwa na mita mbili, kama serikali ilivyosema.

"Mtu akifa," Kitonga akaanza, "moyo umesimama. Damu haina wa kuisukuma. Inafanya kama maji ya shambani, inashuka. Amelala chali, itashuka mgongoni. Amelala kifudifudi, itakuja mbele. Saa chache za kwanza ukimgeuza, nayo inahama. Lakini ikipita saa nane, kumi, imekaa pale pale. Hata umsimamishe kwa kichwa haihami tena."

"Na inaonekana?"

"Kwa mzungu inaonekana kutoka mlangoni. Kwa ngozi yetu lazima uwe na subira. Lete mwanga kwa upande, usimulike juu. Angalia mabega na makalio, pale palipogusa sakafu. Panabaki pamepauka. Kando yake pameiva kama zambarau."

Nzisa aliandika haraka. "Kwa hivyo mtu akikutwa kisimani kichwa chini, na damu iko mgongoni..."

"Basi alilala chali mahali pengine, saa nyingi, kabla hajafika kisimani. Kisima umekisingizia bure."

Nzisa aliinua macho akakuta Kitonga anautazama mkono wake unaoandika.

"Miaka ishirini na saba," akasema Kitonga, "hakuna mtu aliyewahi kuandika ninachosema."

Tangu hapo alikwenda kila Jumanne saa nne asubuhi. Alikuwa na maswali tayari, yamepangwa kwa nambari. Mwili huchukua muda gani kukakamaa? Mikono ya aliyekufa maji huwaje? Mtu akinyongwa kwa kitambaa laini, alama hubaki? Kitonga alijibu polepole, na kila mara alisema "marehemu" au "mtu wa watu", hata alipozungumza juu ya mtu wa kubuni. Alimfundisha kwamba ukiingia chumbani kwanza unasalimia. "Habari ya asubuhi, wenyewe," alikuwa akiwaambia marehemu, halafu ndipo anawasha taa. Nzisa akamfanya Zuhura afanye hivyo pia.

Miezi mitatu aliyajua macho yake tu. Siku moja ya Julai alikuja na chupa ya chai na vikombe viwili vya udongo kutoka kabatini kwake, vile vya wageni. Akamimina, akasukuma kimoja hadi katikati ya benchi. Kitonga alikitazama kikombe muda mrefu.

"Hiki nitakunywa mimi, halafu utakipeleka wapi?"

"Nyumbani. Nikioshe, nikirudishe kabatini."

Kitonga akashusha barakoa, akanywa. Alikuwa na mwanya katika meno ya juu, na ndevu zilizoanza kuwa nyeupe upande mmoja tu. Nzisa alisema alilazimika kutazama tangi la maji. Aliponiambia hayo ilikuwa imepita miaka mitatu, na bado alitazama pembeni.

Watu wakaanza kusema. Matinyani si mbali na Kitui, na mwalimu anayekwenda mochari kila Jumanne bila msiba hawezi kufichika. Ibada zilipofunguliwa tena, Mama Muindi, kiongozi wa kina mama kanisani, alimvuta kando.

"Beth, unatafuta nini kwa wafu?"

"Natafuta elimu, Mama Muindi."

"Na huyo mwanamume ana mke. Hajafa, yuko kwao Makueni. Mahari haikurudishwa."

"Najua," Nzisa akajibu. Alijua kweli. Kitonga alimwambia siku ya pili walipoonana, kabla hajaulizwa.

Mwezi wa Septemba Kitonga alimsimulia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu. Zamani, akiwa na miaka mitatu tu kazini, aliletewa mwanamke kijana aliyetolewa bwawani. Waliomleta walisema ameteleza akiteka maji, na alikutwa akielea kifudifudi. Kitonga alimwosha. Mgongo wote ulikuwa umeiva rangi. Mabega yamepauka kwa alama ya kitu kama mbao za kitanda.

"Nikamwambia daktari. Alikuwa kijana, ana foleni ya wagonjwa wodini. Akaniuliza, wewe umesomea wapi? Nikanyamaza. Akaandika amekufa maji. Mumewe akaja na gari, akasaini, akamchukua. Alinipa mkono wa asante." Kitonga aliitazama mikono yake. "Jina lake sitakuambia. Lakini nalijua. Kila mwaka mwezi ule nalitamka nikiwa peke yangu, ili liwe limetamkwa."

Nzisa hakuandika siku hiyo. Daftari lilibaki limefungwa magotini.

"Huyo tabibu wako," Kitonga akasema baadaye, "wazee watamsikiliza?"

"Sijaamua."

"Wafanye wamsikilize."

Januari 2021 shule zikafunguliwa, na Jumanne zikaisha. Wakawa wanaonana Jumamosi, kisha Jumamosi moja moja. Sasa waliweza kupeana mikono, na walipeana, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuachia wa mwenzake. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Nzisa alikuwa mwalimu, mwanamke wa kanisa, na mjane ambaye mtaa mzima unamjua. Kitonga alikuwa mume wa mtu kwa karatasi za wazee. Walizungumza juu ya mchonga milango.

Kitonga alistaafu Juni 2022. Hospitali ilimwandalia soda na keki, na Nzisa alisema watu wote walikaa upande mmoja wa chumba. Baada ya hotuba walitoka nje, wakasimama karibu na lile benchi.

"Naenda Kibwezi," Kitonga akasema. "Nina shamba la babangu huko, nje kidogo ya mji. Nimejenga nyumba ndogo. Ukisimama mlangoni unaona milima ya Chyulu."

"Ni pazuri, basi."

"Ni pazuri kwa watu wawili." Akakohoa. "Nitaenda kwa wazee, mambo ya mahari yamalizwe kama inavyotakiwa. Kalondu mwenyewe hatapinga, ni miaka kumi na mitatu. Lakini siwezi kuanza safari hiyo kama sijui ninamwendea nani. Nzisa, ungekuja?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila kutanguliza mwalimu.

Nzisa aliniambia kwamba jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa tayari tangu siku ya kikombe. Lakini akilini akamwona Mama Muindi, akaona darasa la sita, akamwona Mwende akipokea simu kule Eldoret, mama anasema anaolewa na mtu wa mochari. Akasema, "Acha nimalize kitabu kwanza."

"Kitachukua muda gani?"

"Miezi miwili. Mitatu."

"Nitangoja," Kitonga akasema, na akapanda gari na godoro lake na mabuti.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Nzisa aliniletea madaftari saba nimpigie chapa. Yalikuwa na mwandiko wa ubaoni, mkubwa na wima. Nikachapa sura kumi na mbili kwa wiki tatu, nikafurahia, maana nami nilitaka kumjua muuaji. Mara akaja akasema, "Mutindi, muuaji si ndugu wa mchonga milango tena. Ni jirani." Nikarekebisha. Oktoba akaja: si jirani, ni mwanafunzi wake wa kuchonga. Februari akarudi kwa ndugu.

"Mwalimu," nikamwambia, "amekufa mtu mmoja na umeshashika watatu."

Akacheka. Printa ilikuwa inatoa karatasi za mtu mwingine.

"Kila Jumapili baada ya kanisa Kitonga ananipigia," akasema. "Tunaongea saa nzima. Namuuliza, mwanafunzi angeweza kumbeba peke yake? Ananiambia uzito wa maiti ulivyo. Tunabishana. Nikishamjua muuaji, Mutindi, nitamuuliza nini?"

"Si umwambie tu unakuja?"

"Nitamwambia. Nikimaliza."

Nilikuwa na la kusema, lakini alikuwa mwalimu wangu wa zamani. Nilimeza.

Tangu Aprili 2023 simu zikaanza kupungua. Jumapili moja ilipita, Kitonga akasema ni mvua, mtandao ulikuwa umepotea. Nyingine ikapita, akasema ni palizi ya ndengu. Alipopiga, sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimama karibu na wengine. Nzisa akaelewa kwamba amechoka kungoja, na hofu ikafanya kile ambacho mwaka mzima haukufanya. Aliandika sura tano kwa wiki tatu za likizo ya Agosti. Wazee wa mji wakaketi barazani. Tabibu Zuhura akaitwa. Akaeleza juu ya damu, juu ya mwanga wa pembeni, juu ya mabega. Mzee mmoja akamwuliza, wewe umesomea wapi? Zuhura akajibu: nimesomea kwao, na akaunyoshea mkono mwili wa marehemu. Wakamsikiliza. Muuaji alikuwa ndugu.

Nilimchapia nakala moja safi, nikaifunga kwa springi na jalada gumu la bluu. Alimwambia Mwende kwenye simu habari za Kitonga, na Mwende akasema tu, "Mama, kwani ulikuwa unangoja nani akuruhusu?" Akashona rinda. Hakumwambia Kitonga anakuja. Alitaka kumwona uso akifungua mlango.

Alifika Kibwezi saa saba mchana, akapelekwa hadi shambani na mtu wa bodaboda aliyelijua boma. Udongo ule ni mwekundu, umechanganyika na mawe meusi, na milima ilikuwa pale kama alivyoambiwa, ya kijani kibichi upande mmoja. Mlangoni, kwenye kigoda, aliketi mwanamke mnene kidogo, mguu mmoja umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo na kuwekwa juu ya mto. Alikuwa anapepeta ndengu kwenye ungo.

Mwanamke akamtazama, akaweka ungo chini.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Mwalimu wa kitabu. Karibu, dada. Mimi ni Kalondu, mama wa Mulei. Baba Mulei yuko huko chini kwa ng'ombe, atakuja sasa hivi."

Nzisa hakumbuki alivyokaa. Anakumbuka kwamba Kalondu alijitahidi kuinuka ampokee mzigo, na yeye akamzuia. Kalondu akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa, kama mtu anayeona ana deni la maneno. Ni ugonjwa wa sukari. Kidonda cha mguu kilikataa kupona, dada yake aliyekuwa akimtunza akafariki, watoto wako Mombasa na maisha yao. Mulei ndiye aliyempigia baba yake mwezi wa Aprili. Kitonga akakodi gari siku ileile, akaja kumchukua.

"Anakiosha hiki kidonda asubuhi na jioni," Kalondu akasema. "Ile mikono niliyoikimbia. Hospitalini manesi walikunja pua. Yeye hakunji. Ananisalimia kwanza, halafu ndio anafungua bandeji." Akafuta jasho mdomoni. "Nilimkosea mtu huyu miaka mingi, dada."

Kitonga alipotokea na ndoo ya maziwa, alisimama. Kisha akaweka ndoo chini kwa uangalifu, akaja, akampa Nzisa mkono, akasema, "Umemaliza."

"Nimemaliza."

Walikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mboga za kunde. Kalondu aliuliza habari za Matinyani, za mvua, za binti. Baada ya chakula akaomba asaidiwe kwenda kulala kidogo, na alipofika mlangoni akasema, "Mzungumze habari za kitabu." Alisema kwa upole, naye Nzisa anaamini hadi leo kwamba alijua yote.

Wakakaa nje, kila mmoja kwenye kigoda chake.

"Ningekuambia," Kitonga akasema. "Kila Jumapili nilijiambia leo. Sikupata neno."

"Nilikuambia ungoje."

"Nilingoja. Si kwamba nilichoka. Alikuja. Angekuja mwaka mmoja baadaye angekukuta hapa, na tungemuosha sote wawili. Lakini alikuja nikiwa peke yangu, Nzisa. Na ni mgonjwa, na ni mama wa watoto wangu. Ningemfungia mlango?"

"Ungemfungia usingekuwa wewe," akasema Nzisa.

Alimpa kitabu. Kitonga alipangusa mikono kwenye suruali mara mbili kabla ya kukipokea, akapapasa jalada.

"Umemfanya nani muuaji?"

"Soma."

Kabla hajaondoka aliingia chumbani kumuaga Kalondu. Bandeji ilikuwa imelegea, akaikaza vizuri kama alivyofundishwa katika huduma ya kwanza ya skauti. Kalondu akamshika kiganja akamshukuru. Nzisa aliniambia kwamba alijaribu kumchukia mwanamke yule njia yote kutoka Kibwezi hadi Mutomo, na akashindwa, na kutoka Mutomo hadi Kitui akalia bila kujificha, abiria wakadhani ametoka kuzika.

Wiki tatu zilipita. Kisha Jumatano jioni Kitonga akapiga.

"Nimemsomea Kalondu kitabu chote," akasema. "Sura kwa sura. Sura ya kumi na saba, pale barazani, nilisimama. Ilibidi nitoke nje kwanza. Yule daktari aliniuliza nimesomea wapi, nami nikanyamaza. Zuhura hakunyamaza." Akavuta pumzi. "Asante, Mwalimu. Yule wa bwawani naye amesemewa."

Nzisa akavuta daftari na kalamu.

"Kuna kosa moja," Kitonga akaendelea. "Sura ya tatu. Umesema Zuhura alimfunga marehemu kidevu kwa kitambaa siku ya pili yake. Kidevu hakingoji. Kinafungwa mapema, mwili bado laini. Ukichelewa mdomo unabaki wazi, na mtu wa watu anazikwa kama aliyekuwa anataka kusema kitu."

"Nitarekebisha," Nzisa akasema.

Alikuja dukani kesho yake, na vumbi la chaki bado mikononi, tukarekebisha sura ya tatu. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, lakini alilitazama kwenye skrini mpaka nikamletea maji.

Tulichapa nakala thelathini. Alipeleka moja kwa wachapishaji fulani Nairobi, wakajibu kwamba wanatafakari. Hadi leo wanatafakari. Nesi wa dirishani alinunua mbili. Mama Muindi aliazima ya mwalimu mwenzake, akaimaliza kwa siku mbili, kisha akamwambia Nzisa kanisani kwamba yule ndugu alimshuku tangu mwanzo. Darasa la sita husomewa kurasa chache Ijumaa zikibaki dakika, na wakati wa mapumziko utawasikia uwanjani wakilazana chali na kuulizana damu imekwenda wapi. Mwalimu mkuu amelalamika.

Nzisa hajaolewa. Anakwenda Kitui mjini mara moja kwa mwezi na hapiti njia ya hospitali. Nilimwuliza siku moja kama anajuta. Akasema majuto ni kitu cha mtu aliyefanya jambo, na yeye hakufanya. Akasema anachokihisi ni kama kiu, unakunywa maji na bado ipo. Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza bei ya rimu ya karatasi.

Mwezi jana simu yake ililia shuleni wakati wa chai. Namba ilikuwa ya Kitonga, akatoka chumba cha walimu hadi nyuma ya madarasa.

"Mwalimu, ni mimi, Kalondu," sauti ikasema. "Baba Mulei yuko shambani, amesahau simu. Mguu umepona, nimeanza kutembea. Nimekisoma tena kile kitabu, peke yangu safari hii. Nina swali."

"Uliza, dada."

"Huyo Zuhura. Mwisho unamwacha barazani, wazee wamemwitikia, watu wameenda zao. Alikuwa na mtu? Alirudi nyumbani kwa nani?"

Nzisa aliegemea ukuta. Watoto walikuwa wanakimbizana, na kengele ilikuwa inakaribia kulia.

"Hakuwa na mtu nyumbani," akasema. "Alikuwepo mmoja aliyempenda. Sikumwandika."

Nzisa alisikia kuku kule Kibwezi, na mlango ukigongwa na upepo.

"Mwandike," Kalondu akasema. "Mimi nitamsoma."

Jumamosi iliyofuata Nzisa alikuja dukani akaomba madaftari mawili ya kurasa mia mbili.